Sange na Tonge la Topeni

Mliokaa mbele, mpo?

— Tupo!

Mliokaa nyuma, kule kwenye magunia ya mkaa, mpo?

— Tupo!

Na wasiokuwepo, wapo?

— Wapo!

Wako wapi?

— Wako mbali!

Wanasikia?

— Wakiitwa, wanasikia!

Basi waiteni, maana ngano imeshatoka nyumbani na haijui njia ya kurudi.

Ngano hii nimeitoa jikoni. Mnanijua, nimepika kwenye mikutano miaka kumi na saba: ya wakulima, ya walimu, ya wageni wenye vitambulisho shingoni. Nawaambieni, siri ya mkutano wowote haiko ukumbini. Iko kwenye sufuria. Endeleeni kumenya hivyo viazi, masikio yenu hayana kazi.

Hapo kale, hata kale yenyewe ilikuwa bado haijazoea kuitwa kale, palikuwa na wanyama waliojitolea. Hawakulipwa, hawakulazimishwa. Kila mwaka kabla ya kiangazi walitoka pande zote za dunia. Wengine walitoka kwenye misitu ya mvua, wengine kwenye milima ya barafu, wengine jangwani ambako hata kivuli ni cha kuazima. Walikutana, wakachagua chemchemi moja iliyoziba, wakaifukua mpaka maji yakatoka. Chemchemi moja tu kwa mwaka, nguvu zao ndizo hizo. Wakaitwa Wafukuaji.

Hebu lifikirieni hilo. Mnyama anaacha kwao, anatembea siku arobaini, anakwenda kufukua maji ambayo hatayanywa yeye. Mimi kila nikilikumbuka mwili unanisisimka, na mimi si mtu wa kusisimkwa ovyo.

Sasa mkutano wa Wafukuaji ulifanyika ufukoni mwa ziwa la Kiboko. Mwenye uwanja ndiye mwenyekiti, na mwenyekiti akisema "La!" jambo limekufa, halifufuki mwaka huo. Muda nao ulipimwa kwa tonge lake. Ombi likitajwa, Kiboko anatia tonge kinywani. Kabla hajameza, mwenye ombi aseme kwa kinywa chake mwenyewe, "Naomba," na neno lake lisikike pale uwanjani. Tonge likishuka neno halijasikika, ombi limeanguka. Tonge likishuka neno limesikika na mwenyekiti hajasema "La," ombi limepita. Hiyo iliitwa Sheria ya Tonge.

Mnalijua tonge la Kiboko? Tikiti maji zima na maganda yake. Khwap! Gulu! Limeshuka. Mwenye ombi bado anakohoa kusafisha koo.

Kwa hiyo miaka mitatu mfululizo Wafukuaji walifukua wapi? Kwa Kiboko. Mwaka wa kwanza walipanua ziwa lake. Mwaka wa pili wakalipanua tena. Mwaka wa tatu wakapanua palipokwisha kupanuliwa. Ziwa limejaa, tumbo limejaa, macho bado yana njaa.

Katibu wa mkutano alikuwa Sange. Sange ni mnyama mdogo, wa kutosha kwenye kikombe cha chai, mwenye pua ndefu utadhani Tembo alimwazima mkonga akasahau kuudai. Akikwama anajikuna pua. Akijikuna pua, jueni kuna jambo.

Asubuhi moja alikuja Fuko, yule mchimbaji wa chini kwa chini asiyeona, kutoka Topeni, mbali sana na ziwa. Alileta ujumbe wa Mama Kamongo.

Kamongo mnamjua? Ni samaki wa ajabu. Kidimbwi kikikauka, yeye hafi. Anajizika kwenye tope, tope linakauka juu yake, analala mle ndani akipumua kidogokidogo, akisubiri maji. Samaki anayesubiri maji ndani ya udongo mkavu! Muumba ana mambo.

Ujumbe ulikuwa huu: "Nimejizika na wanangu saba. Mvua haikuja mwaka jana, haikuja mwaka huu. Tope limekuwa tofali. Pumzi zetu zinatosha mpaka mwezi uandame, hazizidi hapo. Kuna chemchemi imeziba hatua mia kutoka nilipolala. Naomba mwifukue."

Sange akaupeleka kwa Kiboko.

"Aje aseme mwenyewe," Kiboko akasema.

"Hawezi, Mheshimiwa. Akitoka kwenye tope anakufa."

"Basi hayupo. Na asiyekuwepo hana mdomo."

"Wana wake ni saba, Mheshimiwa."

"Nao hawapo. Hao ni saba wasiokuwepo. Nipitishie tikiti."

Sange akajikuna pua.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku ishirini kuandama, na mkutano ulipangwa siku ya kumi na tisa. Sange akaondoka. Akaenda kwa kila mnyama ambaye hajawahi kusikika mkutanoni, akamuuliza swali moja ambalo hakuna katibu aliyewahi kuliuliza tangu mikutano ianze: "Wewe, ni nini kinachokuzuia kuja, au kusema ukija?"

Popo akasema, "Mnakutana adhuhuri. Mimi adhuhuri nimelala, kichwa chini."

Konokono akasema, "Mwaliko nikiupata leo, nafika mkutano umekwisha na majani yamefagiwa."

Nyoka akasema, "Nakuja kila mwaka. Ila mnazungumza hewani, na mimi nasikia kwa tumbo. Naona midomo tu inachezacheza."

Swala akasema, "Kiti changu kiko mbele ya Chui. Wewe ungeelewa hotuba?"

Na Kipepeo akasema kitu, lakini Sange hakukielewa, kwa kuwa hapakuwa na yeyote aliyejifunza Kikipepeo. Akasimama pale mbele yake, machozi yakamlengalenga. Miaka yote hiyo Kipepeo alikuwa anakuja, anakaa, anaondoka, na kila mtu akisema, "Huyu mpole, hana la kusema."

Sange akaanza kupanga. Mkutano akauweka alfajiri, wakati wa usiku hawajalala na wa mchana wameshaamka. Konokono akaalikwa wa kwanza, hata ajenda haijaandikwa. Nyoka akawekewa mtu wa kumgongea maneno ardhini. Swala akakalishwa karibu na njia ya kutokea, na Chui akakalishwa mbele kabisa, mdomo umefungwa kwa ukindu. Chui alikubali, jamani! Aliinamisha kichwa mwenyewe afungwe. Alisema hajapata kukaa na Swala siku nzima bila yeyote kati yao kukimbia, na angependa kuona inakuwaje.

Ikabaki lugha. Wakatafutwa wakalimani. Wa kwanza kujitokeza, Kasuku.

"Najua lugha zote!" Kasuku akasema.

"Zote?" Sange akauliza.

"Zote!"

"Unaelewa ninachokuambia?"

"Ninachokuambia!"

Akapewa kazi ya kupiga filimbi ya chai. Kipepeo alipata mkalimani wake, Nyuki mzee aliyekaa na vipepeo bustanini toka utotoni, akajua kila wanachosema kwa mbawa.

Na wale wasioweza kuja kabisa? Hapo ndipo Sange alipofanya jambo ambalo mimi nikilisimulia nashusha mwiko. Alisema, kama miguu haiwezi kuja mkutanoni, mkutano wenyewe utaifuata. Akaweka vituo vitatu kutoka ziwani mpaka Topeni, kila kituo na mkalimani wake, na neno likawa linatembea hivi:

Chura anasema ziwani kwa Kichura: kroo, kroo!

Chiriku anasikia kichakani, anasema kwa Kichiriku: chiri-chiri-chiri!

Mchwa wanasikia kichuguuni, wanagonga vichwa ardhini: ko-ko-ko-ko!

Fuko anasikia Topeni kwa nyayo zake, anaweka pua chini, anasema kwa Kikamongo: fuu.

Wakajaribu. Sange akasema, "Mama Kamongo, unatusikia?" Kroo, kroo! Chiri-chiri-chiri! Ko-ko-ko-ko! Fuu. Wakasubiri. Hakuna kilichorudi. Baadaye Fuko akaja mwenyewe, vumbi mpaka kwenye kope.

"Anasikia," Fuko akasema. "Nimehisi mkia wake unagusa udongo, mara moja. Lakini tangu aliponipa ule ujumbe tope limezidi kukaza mdomoni. Sauti haitoki tena."

"Na neno kwenda na kurudi, linachukua muda gani?"

"Ng'ombe anaweza kutafuna mara sabini."

Mara sabini! Na tonge la Kiboko, khwap, gulu. Sange alikaa juu ya jiwe siku nzima akajikuna pua mpaka ikawa nyekundu. Ndugu zangu, ningekuwa mimi ningelia. Mipango yote ile, vituo vyote vile, na bado mama na wanawe saba watakufa kwa sababu mtu mmoja anakula haraka.

Jioni Sange akanyanyuka. Akaenda wapi? Semeni.

— Jikoni!

Jikoni! Akawakuta nyuki waliojitolea kupika. Wakanong'ona. Kesho yake akaenda kwa Kiboko na gome lake la kuandikia.

"Mheshimiwa, nimekuja kukusomea utaratibu wa vituo."

"Vituo vya nini?"

"Vya wasioweza kufika. Kila anayehudhuria kituoni anaweka unyayo wake kwenye udongo, na akiweka unyayo anapata posho."

Kiboko akafungua jicho la pili. "Posho?"

"Kichakani, matango. Kichuguuni, maboga. Topeni..." Sange akanyamaza.

"Topeni nini?"

"Si vizuri kusema, Mheshimiwa."

"Sema!"

"Topeni ni mbali, kukavu, kuna vumbi. Wa Topeni wanapewa posho ya mazingira magumu."

Mnacheka? Mnaijua, ee? Cheka vizuri, Shukuru, ila usikate kidole.

"Ni tonge moja la asali," Sange akaendelea. "Wapishi wametia asali, wakatia nta, wakatia na utomvu wa mkuyu lishikane. Kubwa kuliko kichwa chako. Wanasema hajazaliwa wa kulimaliza."

Udenda wa Kiboko ukaanza kudondoka. To! To! To!

"Unyayo nao ni ahadi," Sange akasoma. "Anayeweka unyayo kituoni, chemchemi ya pale ikipita, atafukua pale. Umesikia, Mheshimiwa?"

To! To! To! Kiboko alikuwa ameshafika Topeni kwa mawazo, anatafuna. "Nimesikia, nimesikia. Mwenyekiti anaweza kuweka unyayo vituo vyote?"

"Sheria haikatazi. Ila tonge la kupimia muda linaliwa hapa uwanjani, sasa sijui..."

"Tonge ni tonge! Liliwe popote!"

"Ngoja niandike," Sange akasema. "Tonge ni tonge. Liliwe popote. Weka unyayo hapa, Mheshimiwa."

Pwaa!

Kiboko akacheka peke yake majini. Aliwaza: nitalila tonge la asali palepale juu ya kichwa cha Kamongo. Khwap, gulu. Ombi limeanguka, na sikusema hata "La" mbele ya wageni. Nitaonekana mwema na nimeshiba.

Siku ya kumi na tisa ikafika. Mawingu yalitanda tangu usiku, ardhi imepoa. Kiboko aliondoka mapema. Pu, pu, pu! Kichakani: pwaa! "Posho yangu iko wapi?" Matango, khwap! Pu, pu, pu! Kichuguuni: pwaa! "Posho yangu iko wapi?" Maboga, khwap, khwap! Pu, pu, pu! Topeni: pwaa! Akasimama juu ya udongo uliopasukapasuka, lile jasho jekundu la viboko linamtoka. Chini ya tumbo lake, kina cha mkono mmoja ndani ya ardhi, alilala Mama Kamongo na wanawe saba.

Kule ziwani alfajiri ilikuwa inafunguka. Kasuku akapiga filimbi. Sange akapanda juu ya gogo ili aonekane, akawatazama. Kulikuwa na waliotoka kwenye barafu na waliotoka kwenye mchanga. Kulikuwa na wa usiku na wa mchana. Popo alining'inia juu ya Jogoo. Swala alikaa mgongo wake ukimwelekea Chui na masikio yake yametulia. Konokono alikuwa amefika, tena jana, ameshapata na mahali pazuri. Sange akasema neno moja tu, "Mpo?"

Neno hilo likatoka. Wakalimani wakalishika, kila mmoja kwa lugha yake, likasambaa kwa mlio, kwa mbawa, kwa kugonga, kwa kucheza, likafika kwa kila mmoja likiwa lake. Majibu yakarudi. Yalirudi makubwa na madogo, ya karibu kwanza na ya mbali baadaye. Kila walipodhani yamekwisha, likaja jingine kutoka mbali zaidi. Kipepeo alifungua mbawa, na Nyuki mzee akasema, "Kipepeo anasema yupo. Anasema alikuwepo miaka yote."

Wanyama hawakupiga makofi. Hata mimi hapa, miaka mingi baadaye, nimesimama na mwiko hewani. Niliwahi kuona mikutano ya watu wenye suti ambamo hakuna aliyemwuliza mwenzake kama yupo.

Sange akasema, "Ombi la kwanza ni la Mama Kamongo wa Topeni. Tonge liliwe."

Kroo, kroo! Chiri-chiri-chiri! Ko-ko-ko-ko! Fuu.

Topeni, nyuki kumi wakalileta tonge, linang'aa. Kiboko akafungua kinywa. Khwap!

Na halikwenda gulu.

Akatafuna. Ngwa, ngwa, ngwa. Tonge likashika meno ya juu. Akatafuna. Ngwa, ngwa, ngwa. Likashika meno ya chini. Akajaribu kumeza, likakataa. Akajaribu kufungua kinywa, kikakataa. Mara kumi. Mara ishirini. Ndipo Kiboko akashtuka. Akajaribu kusema "La!"

"Mmmf!" akasema.

Fuko akagonga, mchwa wakagonga, Chiriku akauliza kutoka kichakani, "Mwenyekiti amesema nini?"

"Mmmf!"

Wakalimani wakashauriana katika lugha zote. Chiriku akajibu, "Hilo halina tafsiri. Arudie taratibu."

Sasa sikilizeni vizuri. Kiboko angeweza kulitema. Angetia mguu mdomoni, akalibandua, akalitupa, akasema "La!" na ngano ikaishia hapo, na Mama Kamongo akafa. Nyuki mmoja alimwambia kabisa, "Mheshimiwa, ukilitema tunalirudisha jikoni." Kiboko akaitazama njia ndefu aliyotembea. Akaonja asali chini ya ulimi. Kutema posho? Mwenyekiti mzima? Akafumba macho, akaendelea. Ngwa, ngwa, ngwa.

Mara thelathini. Mara arobaini. Chini ya ardhi Mama Kamongo alikuwa anasukuma kwa mdomo. Tope ni tofali. Anasukuma. Tofali halisogei. Fuko, nyayo zake juu ya udongo, alihisi anavyosukuma na alihisi anavyochoka. Akaweka pua chini akasema, "Mama, mkutano mzima unakusubiri. Hakuna aliyeondoka." Fuu. Hiyo hakutumwa na mtu kuitafsiri. Aliisema mwenyewe.

Na udenda wa Kiboko, utafanya nini kinywa kikiwa kimejaa asali na hakifungiki wala hakifunguki? Ukaanza. To. To. To! To-to-to-to! Ukadondoka juu ya udongo, hapohapo chini ya kidevu chake. Udongo ulioona maji mara ya mwisho mwaka juzi ukanywa. Ukalainika kidogo. Ukapata ufa mdogo, mwembamba, wa kupitisha unywele.

Na kwenye ufa huo ikatoka sauti.

"Naomba."

Ilikuwa ndogo mno. Kiboko aliyekuwa juu yake hakuisikia. Fuko aliisikia kwa nyayo, nyayo zikamtetemeka, akagonga. Ko-ko-ko-ko! Mchwa wote wa kichuguu, maelfu, wakagonga pamoja. Chiri-chiri-chiri! Kroo, kroo! Ziwani Chura akasimama kwa miguu yake ya nyuma, jambo ambalo vyura hawafanyi, akasema, "Mama Kamongo, aliye chini ya ardhi, anasema: naomba."

Na kabla wanyama hawajavuta pumzi Chura akainua mkono. "Subirini. Kuna nyingine inakuja." Akasikiliza. "Ni sauti saba. Zinasema: na sisi."

Jamani. Chui alilia na mdomo wake umefungwa.

Topeni, mara ya sabini na tisa, tonge likakubali. Gulu! Kinywa kikafunguka, na Kiboko akanguruma, "LAAA!" mpaka vumbi likaruka. Wakalimani, watu wa haki, wakalichukua neno lake kama wanavyochukua neno la yeyote, wakalifikisha ziwani lote, na ile "aaa" yake ya mwisho.

Sange akauliza, "Kabla ya tonge kushuka au baada?"

Kroo, kroo! Chiri-chiri-chiri! Ko-ko-ko-ko! Jibu likarudi: "Baada."

"Basi limepita," Sange akasema. Akaandika.

Wafukuaji wakahamia Topeni. Walipofika walimkuta Kiboko amekaa, ananuna.

"Mimi narudi ziwani," akasema.

"Karibu sana, Mheshimiwa," Sange akasema. "Ila unyayo huu hapa ni wa nani?"

Kiboko akautazama. Haukuwa wa kusingiziwa, Topeni nzima hapakuwa na mguu mwingine wa kujaza karai.

"Wangu."

"Na unyayo ni nini?"

Kiboko akafikiri, akatafuta mahali alipolisikia hilo. "Ahadi," akasema kwa unyonge.

Akafukua. Akafukua kwa kile kinywa chake kikubwa, mawe makubwa akiyang'oa, kazi ya siku nne ikaisha siku moja. Jua lilipokuwa linazama, maji yakatoka. Kwanza yalikuwa unyevu tu. Halafu yakabubujika, yakakimbia hatua zile mia, yakaingia kwenye nyufa za tope, na tofali likarudi kuwa tope, na tope likafunguka. Mama Kamongo akatoka, amekonda, anang'aa. Nyuma yake mmoja. Mmoja. Mmoja. Mpaka saba. Kesho yake mwezi uliandama.

Wale wadogo hawakumjua Kiboko. Wakaanza kuogelea katikati ya miguu yake, wakizunguka, wakimgusagusa. Na Kiboko, mzito kuliko wote, akasimama pale majini asithubutu kuinua mguu, asije akamkanyaga mmoja. Alisimama mpaka nyota zikatoka. Wengine wanasema alikuwa anawahesabu. Mwishowe akamwuliza Sange kwa sauti ya chini, "Hawa ndio wale wasiokuwepo?"

"Ndio hao, Mheshimiwa."

Kiboko akawatazama tena wale saba. Kisha akasema, "Lile tonge, kuna jingine?"

Watu huniuliza, Sange aliujua ule udenda? Aliupanga tangu alipouona ukidondoka siku ile ya posho, au ilikuwa bahati? Na mimi nawaambia, yeye mwenyewe aliulizwa mara nyingi, na kila akiulizwa alijikuna pua.

Funzo la ngano hii mnalijua, sina haja ya kuwaeleza, ila nitawaeleza kwa kuwa bado mna viazi. Kwanza, mikutano ni kupoteza muda. Pili, katika maisha fuateni posho, hata kama ni mbali, maana msipoifuata hakuna kidimbwi kitakachopata maji. Tatu, ukiwa mbali, chini ya ardhi, na sauti yako ni ndogo, nyamaza tu, usisumbue wakubwa wanaokula.

Mbona mnanitazama hivyo? Hamkubali? Haya, shauri yenu. Ngano yangu imefika ilikokuwa inakwenda, wa mbele wachukue kichwa, wa nyuma wachukue mkia. Mliokaa mbele, mpo?

— Tupo!

Mliokaa nyuma, mpo?

— Tupo!

Na wasiokuwepo?

Ngojeni. Usijibu, Shukuru, hukuulizwa wewe. Wekeni visu chini. Wa mbali sauti yao huchelewa, na sufuria haijachemka bado. Tunao muda wa kusubiri.